Askari na Hesabu za Sehemu: Nusu Iliyosahauliwa Ni Kiu ya Mtu

Mji wa Gisenyi, katika Wilaya ya Rubavu, Jimbo la Magharibi la Rwanda, umekaa ukingoni mwa Ziwa Kivu, na jirani yake wa karibu kuliko wote ni mji wa Goma wa nchi ya Kongo. Miji hiyo miwili imeshikana mithili ya nyumba mbili zenye ukuta mmoja. Mtu asimamaye penye kivuko kile ambacho wenyeji hukiita kwa Kifaransa Petite Barrière, yaani kizuizi kidogo, huwaona wapita kwa miguu kwa maelfu, huyu na kapu la vitunguu, yule na trei za mayai, mwingine na dumu la maziwa kichwani. Askari wa mpakani huijua kazi hiyo ya kila siku, na huifanya.

Lakini Gisenyi ina siku nyingine, zile zisizopiga hodi.

Mwezi wa Julai 1994, mwishoni mwa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, laki kadhaa za watu zilivuka hapa kwa siku chache kuelekea Goma. Kule waliketi juu ya mwamba wa volkano ambao jembe haliuingii. Maji safi hayakutosha, kipindupindu kikazuka, na katika mwezi wa kwanza tu watu wapatao 50,000 wakafa kwa kipindupindu na maradhi mengine. Tarehe 17 Januari 2002 mkondo ukageuka: mlima Nyiragongo ulitapika moto, ujiuji wake ukapita katikati ya Goma, na watu wengi mno wakakimbilia Gisenyi. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ule ule ulilipuka tena, na usiku ule ule maelfu wakavuka mpaka. Kisha usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mto Sebeya ukafurika na kuzibomoa nyumba za watu wa Rubavu wenyewe.

Ndugu msomaji, katika siku kama hizo ni nani huonekana wa kwanza mahali pa shida? Aghalabu ni askari. Kabla ya malori ya misaada, kabla ya wataalamu wenye vitabu vyao, yuko konstebo mmoja na koplo mmoja, na mbele yao umati uliochoka. Hapo huulizwa maswali matatu: watu ni wangapi, watakaa siku ngapi, na wahitaji maji kiasi gani? Jibu lake halitoki katika bunduki wala katika filimbi. Latoka katika kalamu, na ndani ya kalamu hiyo mna somo ambalo wengi wetu tuliliacha nyuma shuleni, nalo ni kuzidisha sehemu na namba mchanganyiko.

LITA SABA NA NUSU

Msiba wa 1994 uliwafanya watu wa misaada ya dharura wajihoji wenyewe. Tathmini kubwa juu ya kazi yao ilitolewa mwaka 1996, na mwaka uliofuata mashirika kadhaa yakaanzisha mradi uitwao Sphere, ili viwango vya chini vya kumhifadhi mtu aliyepatwa na maafa viandikwe na kujulikana na kila mhudumu. Katika viwango hivyo imeandikwa kwamba mahitaji ya maji ya kunusuru maisha, yaani ya kunywa, ya kupikia na ya usafi wa lazima, huanzia lita 7½ hadi lita 15 kwa mtu mmoja kwa siku. Katika hizo, maji ya kunywa ni lita 2½ hadi 3. Mahali pa kulala penye paa ni mita za mraba 3½ kwa kila mtu.

Tazama namba hizo vizuri. Saba na nusu. Mbili na nusu. Tatu na nusu. Uhai wa binadamu haukupimwa kwa namba kamili peke yake.

Sasa tuchukue mfano. Katika uwanja mmoja wamekusanyika watu 480. Magari ya maji yatafika baada ya siku mbili na nusu. Kila mtu apewe kile kiasi cha chini kabisa, lita 7½ kwa siku. Koplo wa zamu anatwaa karatasi, anaandika haraka: saba mara mbili ni kumi na nne, nusu mara nusu ni robo, kwa hiyo kila mtu lita 14¼. Anazidisha kwa 480, anapata lita 6,840. Anampelekea sajini wake.

"Afande, hesabu iko tayari. Lita 6,840."

"Vema, Koplo. Hebu nieleze. Mtu mmoja siku moja ahitaji lita ngapi?"

"Saba na nusu, afande."

"Na siku mbili?"

"Kumi na tano, afande."

"Basi siku mbili peke yake zimekwisha kumaliza lita 15. Imekuwaje siku mbili na nusu zitumie lita 14 na robo? Hiyo nusu siku ya mwisho imerudisha maji mtungini?"

Koplo aliitazama karatasi yake, asipate la kujibu.

Koplo yule ni wa mfano tu, lakini kosa lake si la mfano. Ni kosa la kweli, hufanywa na watoto wa shule, hufanywa na makarani, na limefanywa na watu wenye nyota mabegani. Mtu huzidisha namba kamili kwa namba kamili, sehemu kwa sehemu, kisha hujiona amemaliza. Kumbe ameacha njiani mafungu mawili mazima. Tutayaona sasa hivi ni yapi. Lakini kwanza tuulize lugha yetu, kwa kuwa lugha yetu imekwisha kutufundisha nusu ya somo hili bila sisi kutambua.

"NA" NI KUJUMLISHA, "YA" NI KUZIDISHA

Mswahili husema "mbili na nusu". Hilo neno dogo "na" ndiyo alama ya kujumlisha: mbili, kisha ongeza nusu. Namba mchanganyiko kama 2½ ni watu wawili katika koti moja, namba kamili na sehemu, na ukimwita mmoja hapana budi umwite na mwenzake.

Lakini Mswahili husema pia "nusu ya robo". Hilo neno "ya" ndiyo alama ya kuzidisha. Nusu ya robo ni ½ × ¼, nayo ni thumuni, ⅛. Wazee wetu walikuwa na majina ya sehemu hizi tangu zamani: nusu, theluthi, robo, humusi, sudusi, subui, thumuni, tusui, ushuri. Majina haya hayakuwa pambo. Yalitumika sokoni, na yalitumika katika kugawa mirathi. Katika sheria ya Kiislamu, mume akifariki na kuacha watoto, fungu la mke ni thumuni ya mali. Akiwa ameacha wake wawili, wao hugawana thumuni hiyo hiyo: kila mmoja apata nusu ya thumuni, yaani ½ × ⅛, sehemu moja katika kumi na sita. Kadhi aliyekosea hapo amemdhulumu mjane.

Vipimo vya nafaka navyo vilijengwa juu ya hesabu hiyo. Pishi moja ilikuwa visaga viwili. Kisaga kimoja vibaba viwili. Kwa hiyo kisaga ni nusu ya pishi, na kibaba ni nusu ya kisaga. Nusu ya nusu ni robo, na kweli, vibaba vinne hufanya pishi. Tusemapo kwamba haba na haba hujaza kibaba, twatamka methali. Tusemapo kwamba kibaba ni robo ya pishi, tumekwisha kuzidisha sehemu.

KWA NINI TWAZIDISHA JUU KWA JUU NA CHINI KWA CHINI

Sehemu ina namba mbili. Ile ya chini huitwa asili, nayo yaeleza kitu kimekatwa vipande vingapi. Ile ya juu huitwa kiasi, nayo yaeleza tumetwaa vipande vingapi. Kanuni ya kuzidisha ni fupi: kiasi kwa kiasi, asili kwa asili. Lakini askari asiridhike na amri asiyoijua sababu yake pale ambapo sababu yaweza kuonekana kwa macho.

Twaa mkate mmoja. Ukate nusu kwa nusu. Kisha kila nusu uikate tena nusu kwa nusu. Mkate una vipande vinne. Hukuwaongeza walaji, hukuongeza unga. Umezidisha vipande, kwa sababu kila kipande cha kwanza kimezaa viwili. Ndiyo maana asili huzidishwa kwa asili: 2 × 2 ni 4. Ungeukata mkate robo nne, kisha kila robo ukaikata tatu, ungekuwa na vipande kumi na viwili, kwa kuwa 4 × 3 ni 12.

Sasa fikiri kwamba zimebaki robo tatu za mkate, na wewe umeambiwa upeleke theluthi mbili za hicho kilichobaki kwa walinzi wa lindo. Theluthi mbili ya robo tatu: ⅔ × ¾. Juu, 2 × 3 ni 6. Chini, 3 × 4 ni 12. Sita katika kumi na mbili ni nusu. Hakikisha kwa macho: robo zilizobaki ni tatu, theluthi mbili za tatu ni mbili, robo mbili ni nusu mkate. Kanuni na mkate vimekubaliana.

HESABU YA KOPLO INARUDIWA

Namba mchanganyiko haziwezi kuzidishwa kwa kanuni ile mpaka kwanza zivuliwe lile koti moja. Badili kila moja iwe sehemu guni, yaani sehemu ambayo kiasi chake ni kikubwa kuliko asili. Njia yake ni kuuliza: mbili na nusu zina nusu ngapi? Kila nzima ina nusu mbili. Nzima mbili zina nusu nne. Ongeza ile nusu iliyosimama peke yake, zimekuwa nusu tano. Basi 2½ ni 5/2. Hali kadhalika, 7½ ni nusu kumi na tano, 15/2.

Sasa zidisha: 15/2 × 5/2. Juu, 15 × 5 ni 75. Chini, 2 × 2 ni 4. Jibu ni robo sabini na tano, 75/4. Gawanya 75 kwa 4, utapata 18 na kubakiwa na robo tatu. Kila mtu ahitaji lita 18¾.

Kwa watu 480: 75/4 × 480. Badala ya kuzidisha namba kubwa, gawanya kwanza 480 kwa 4, upate 120. Kisha 75 × 120 ni 9,000. Lita elfu tisa kamili.

Linganisha. Koplo aliagiza lita 6,840. Upungufu ni lita 2,160, yaani madumu 108 ya lita ishirini. Au tuseme hivi: ikiwa wa mbele katika mstari watapewa haki yao kamili, lita 18¾ kila mmoja, basi watu 115 wa mwisho hawatapata hata tone. Karibu robo ya uwanja mzima itabaki na vikombe vitupu, si kwa sababu ziwa limekauka, wala kwa sababu dereva alichelewa, bali kwa sababu mtu mmoja aliandika nusu mara nusu akadhani amekwisha.

Na watu wenye kiu hawangoji. Huenda ziwani, au penye dimbwi, wakachota maji yasiyotiwa dawa. Kipindupindu hakihitaji mlango mwingine.

MAFUNGU YALIYOACHWA NJIANI

Ili kuona koplo aliacha nini, tupime hema. Tuseme hema lina urefu wa mita 4½ na upana wa mita 3¾. Lichore juu ya mchanga kwa fimbo. Kisha katika urefu weka alama penye mita ya 4, na katika upana penye mita ya 3, uvute mistari kukatisha. Sakafu ya hema imegawanyika vyumba vinne.

Chumba kikubwa ni 4 kwa 3, mita za mraba 12. Chumba cha pili ni 4 kwa ¾, mita za mraba 3. Cha tatu ni ½ kwa 3, mita za mraba 1½. Cha nne, kile kidogo cha pembeni, ni ½ kwa ¾, yaani ⅜. Jumlisha vyote: 16⅞.

Kwa njia ya sehemu guni: 9/2 × 15/4 ni 135/8, nayo ni 16⅞. Njia mbili, jibu moja.

Mtu azidishaye kamili kwa kamili na sehemu kwa sehemu huhesabu chumba kikubwa na kile kidogo cha pembeni tu, akapata 12⅜. Vyumba viwili vya kati amevisahau, na humo mna mita za mraba 4½, mahali pa kulala mtu mmoja na zaidi. Kila sehemu ina haki ya kukutana na kila mwenzake: kamili kwa kamili, kamili kwa sehemu, sehemu kwa kamili, sehemu kwa sehemu. Mikutano ni minne, si miwili.

Na je, hema hilo latosha jamaa ya watu watano? Kwa kiwango tulichokwisha kukitaja, 3½ × 5 ni 7/2 × 5, yaani 35/2, nayo ni mita za mraba 17½. Hema letu lina 16⅞. Limepungua ⅝ ya mita ya mraba. Ni kidogo, lakini afisa aijuaye hesabu hulijua hilo kabla ya usiku kuingia, na huongeza turubai.

MWANDISHI NAYE ALIKOSEA

Nisingependa msomaji adhani kwamba maneno haya yanatoka kwa mtu aliyezaliwa na hesabu. Nilipokuwa kadeti, nilipewa zamu ya ugavi katika zoezi la siku tatu na nusu. Tulikuwa vijana 36, na chakula kilichopangwa ni kilo 1½ kwa mtu kwa siku. Niliandika kwa fahari: moja mara tatu ni tatu, nusu mara nusu ni robo, kilo 3¼ kila mtu. Nikatia saini, nikachukua bohari kilo 117.

Asubuhi ya siku ya tatu magunia yalikuwa matupu, hali zoezi limebakiwa na siku nzima na zaidi. Hapana aliyekufa. Lakini nakumbuka jinsi wenzangu walivyokuwa wakinitazama pasipo kusema neno, na namkumbuka mkufunzi wetu, aliyenipa karatasi yangu mwenyewe mbele ya kikosi kizima.

"Kadeti, nusu ya nusu umeiona. Nusu ya tatu umeiacha wapi?"

Hesabu sahihi ilikuwa 3/2 × 7/2, yaani 21/4, kilo 5¼ kwa kila mtu, na kilo 189 kwa wote. Nilikuwa nimewanyima kilo 72, kilo mbili mbili kila kijana. Nimepita masomo mengi tangu siku hiyo, hilo halijanitoka.

KUFUPISHA KABLA YA KUZIDISHA

Askari wa miguu hupenda mzigo mwepesi, na katika hesabu mzigo waweza kupunguzwa kabla ya safari. Tuseme kikosi chatembea kilomita 4½ kwa saa, kwa muda wa saa 2⅔, yaani saa mbili na dakika arobaini. Kitafika umbali gani?

Badili: 9/2 × 8/3. Kabla ya kuzidisha, tazama kama kiasi chochote chagawanyika pamoja na asili yoyote. Tisa na tatu zagawanyika kwa tatu: zabaki 3 na 1. Nane na mbili zagawanyika kwa mbili: zabaki 4 na 1. Kilichobaki ni 3 × 4, kilomita 12 kamili. Asiyefupisha atapata 72/6, nalo ni jibu lile lile, ila amebeba mawe mfukoni njia nzima. Na yule wa kamili kwa kamili atapata 8⅓. Ataahidi kwa redio kwamba kikosi kitakuwa mahali fulani, kumbe kimekwisha kupita kwa zaidi ya kilomita tatu na nusu.

KUZIDISHA KUNAKOPUNGUZA

Liko jambo jingine liwatatizalo wengi. Neno "kuzidisha" latoka katika "kuzidi", na mtu hutazamia kwamba jibu litakuwa kubwa. Lakini nusu ya robo ni ndogo kuliko nusu, tena ni ndogo kuliko robo. Ukizidisha kwa namba ipitayo moja, kitu chaongezeka. Ukizidisha kwa sehemu isiyofika moja, kitu chapungua, kwa sababu umetwaa kipande tu cha kilichokuwapo.

Historia ya Gisenyi yaweza kutupatia picha. Katika Vita Kuu ya Kwanza, tangu 1914 hadi Mei 1916, mahali hapa palikuwa mstari wa mbele baina ya Wajerumani na Wabelgiji. Majeshi ya siku zile yaliwategemea wapagazi. Na mpagazi ni mtu, hula. Tufanye kwa mfano kwamba mpagazi amebeba kilo 30 za nafaka, naye hula humo humo kilo ¾ kwa siku. Katika siku kumi atakula ¾ × 10, kilo 7½, nazo ni robo ya mzigo. Zimebaki robo tatu. Ikiwa mzigo huo wapokewa na mwingine, naye katika safari yake akala robo ya alichopokea, itakayofika ni robo tatu ya robo tatu: ¾ × ¾, yaani 9/16. Akiwapo wa tatu kwa desturi ile ile, itakayofika ni 27/64, pungufu ya nusu. Nafaka haikuibwa na mtu. Imezidishwa kwa sehemu.

Anayedhani kwamba robo tatu zilizotolewa moja moja huacha robo moja amekosea pia, kwa maana robo ya pili haikuwa robo ya mzigo wa kwanza, ilikuwa robo ya baki. Kabla ya kuandika sehemu yoyote, jiulize: ni sehemu ya nini?

UKAGUZI WA HESABU

Bunduki hukaguliwa kabla ya lindo. Hesabu nayo ikaguliwe kabla ya kutiwa saini. Kwanza, hakikisha kila namba mchanganyiko imegeuzwa kuwa sehemu guni. Pili, fupisha panapofupishika. Tatu, zidisha juu kwa juu, chini kwa chini, kisha rudisha jibu katika namba mchanganyiko ili watu walielewe. Nne, na hili ndilo aghalabu husahauliwa, fanya kama alivyofanya yule sajini: dondosha sehemu moja, upime kwa akili. Siku mbili tu zingetumia kiasi gani? Siku tatu je? Jibu la siku mbili na nusu hapana budi lianguke katikati. Siku mbili ni lita 15, siku tatu ni lita 22½. Lita 18¾ zimesimama katikati sawasawa. Lita 14¼ zimeanguka nje ya mpaka, na askari wa mpakani ajua la kufanya na kitu kilicho nje ya mpaka.

Kwa wapendao kujipima, haya hapa maswali matatu. La kwanza: boti ya doria ziwani hutumia lita 5⅓ za mafuta kwa saa, kwa saa 3¾ itatumia lita ngapi? La pili: katika ramani ambayo sentimita moja ni nusu kilomita, njia ina urefu wa sentimita 8½, ni kilomita ngapi? La tatu: askari 64 watakaa lindoni siku moja na nusu, kila mmoja na lita 2½ za maji ya kunywa kwa siku, wachukue madumu mangapi ya lita ishirini?

Majibu ni haya: lita 20, kilomita 4¼, lita 240, yaani madumu 12. Aliyepata madumu manane hivi ajue kwamba amefuata njia ya koplo, naye arudie, kwani karatasi ya zoezi hairudishi lawama.

Siku ya kazi haitakuwa hivyo. Nyiragongo haujalala milele, na Sebeya bado yateremka kutoka milimani. Siku watu watakaposimama tena mbele ya kizuizi, wazee na watoto, vidumu vitupu mikononi, hawatauliza koplo alipata alama ngapi shuleni. Watangoja maji. Na yatakayofika yatakuwa yale yaliyoandikwa katika karatasi yake, hayatazidi hata tone moja.